Beji ipi kifuani? Ulinganisho wa dosimita kwa wanaofanya kazi karibu na fotoni zenye nishati kubwa

Ukiweka mezani katalogi tatu za dosimita, yaani beji zinazopima dozi ya mionzi anayoipata mfanyakazi, zote zinaahidi yale yale: kipimo sahihi, nishati kuanzia chini kabisa hadi juu, kijikasha chepesi. Mwenye kuchagua hujikuta analinganisha bei na uzito. Mimi humshauri azifunge kwanza, aende akasimame pale mfanyakazi anaposimama. Beji haipimi mashine. Inapima mionzi inayofika kwenye kifua kile, mahali pale, saa ile.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua linaki, mashine ya tiba ya mionzi inayoharakisha elektroni, inayotoa fotoni (chembe za miale ya eksirei) za megavolti 18. Fotoni ikigonga mwili wa mgonjwa kisha ikakengeuka kwa nyuzi 90, haibaki na zaidi ya 511 keV (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati), hata kama ilianza na nishati kubwa kiasi gani. Ikirudi nyuma kabisa haizidi takriban 255 keV. Anayeketi nje ya chumba, nyuma ya ujia uliopinda, kwa kiasi kikubwa anafikiwa na miale iliyokwisha kupungua nguvu. Sasa mchukue anayepita karibu na mabomba ya maji ya kupoza kinu cha nyuklia kikiwa kinafanya kazi. Huyo anakutana na naitrojeni-16, inayozaliwa pale nyutroni zenye kasi zinapogonga oksijeni ya maji. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni kama sekunde 7 tu, lakini fotoni zake hubeba 6.13 na 7.12 MeV (MeV 1 ni keV 1,000). Wote wawili husemwa wanafanya kazi kwenye "nishati kubwa", na bado beji inayomtosha mmoja yaweza kumpungukia mwingine.

Vigezo vya kupimia

Kwanza, beji inatakiwa ijibu swali lipi? Kwa mwili mzima, kipimo kinachotumika ni Hp(10), yaani dozi kwenye kina cha milimita 10 ndani ya tishu laini. Kwa lenzi ya jicho ni milimita 3, na kwa ngozi ni milimita 0.07. Vikomo vinavyopendekezwa na ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ambavyo nchi nyingi zimevifuata, ni 20 mSv (milisivati, kipimo cha dozi) kwa mwaka kwa mfanyakazi, ikiwa ni wastani wa miaka 5, bila kuvuka 50 mSv katika mwaka wowote mmoja. Lenzi ya jicho, iliyokuwa imeruhusiwa 150 mSv kwa mwaka, tangu 2011 imewekewa kikomo hicho hicho cha 20.

Pili, beji inafanyaje nishati inapopanda? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotoka. Kwenye nishati ndogo, tuseme chini ya 100 keV, kila kitu hutegemea beji imetengenezwa kwa nini. Atomi nzito hunyonya fotoni dhaifu kwa pupa, kwa hiyo beji yenye atomi nzito husoma dozi kubwa kuliko ile iliyopata mwili. Ndiyo maana katalogi hutaja namba ya atomi: tishu ni karibu 7.4, floridi ya lithiamu 8.2, oksidi ya alumini kama 11. Lakini kuanzia mamia kadhaa ya keV hadi MeV kadhaa, tofauti hizo karibu zinafifia. Fotoni hukengeuka kwa namna inayokaribiana ndani ya vitu vyote hivyo.

Tatizo linahama kutoka kwenye fuwele, ile sehemu ya ndani ya beji inayopokea mionzi, kwenda kwenye kifuniko. Fotoni yenyewe haiachi dozi moja kwa moja; inarusha elektroni, na elektroni ndizo zinazoiacha. Kwa gama za kobalti-60, milimita 5 za maji au plastiki zinatosha dozi kufika kilele. Kwa miale ya megavolti 6 zinahitajika kama milimita 15, na kwa megavolti 18 kama 30. Hakuna anayevaa beji ya unene huo. Kwa hiyo beji yenye kifuniko chembamba, ikipigwa na fotoni tupu za MeV 6, itasoma pungufu. Ikipigwa na fotoni zile zile zikiwa zimeandamana na elektroni kutoka ukutani au hewani, itasoma kingine kabisa. Maabara zinapojaribu beji kwa nishati hizo huweka mbele yake bamba la plastiki la takriban sentimita 2.5 ili hali itulie. Kazini hakuna bamba. Muulize muuzaji: umeijaribu kwa nishati gani, na mbele yake kulikuwa na nini? Beji nyingi hupimwa ulinganifu wake kwa sesiamu-137 peke yake, yenye fotoni za 662 keV.

Tatu, je, mionzi inakuja mfululizo au kwa mapigo? Nne, jibu linahitajika sasa hivi au mwisho wa mwezi? Tano, ukitokea ubishi, beji inaweza kusomwa tena? Na sita, itavumilia joto, mwanga, kuanguka na usahaulifu wa binadamu?

Beji ya filamu

*Inavyokumbuka mionzi.* Filamu ya picha yenye bromidi ya fedha inabadilika weusi, na weusi huo unapimwa baada ya kusafishwa.

*Mbele ya nishati kubwa.* Fedha na bromini ni atomi nzito, hivyo filamu hukuza mno mionzi ya karibu 40 keV. Vichujio vya metali na plastiki juu yake ndivyo vinavyosaidia kukisia nishati iliyopita. Kwenye MeV tatizo hilo hupungua, lakini usahihi wake kwa ujumla ni wa chini kuliko wa wenzake.

*Jibu na ushahidi.* Linachelewa, ila filamu iliyosafishwa ni kumbukumbu ya kudumu. Kivuli cha vichujio kinaweza hata kuonyesha kama beji ilipigwa kwa upande au iliachwa mahali pamoja.

*Inamfaa nani.* Aliyerithi huduma yenye kumbukumbu za miaka mingi na hajapata uwezo wa kuhama. Joto na unyevu huiharibu. Anayeanza leo sioni sababu ya kumpeleka huko.

TLD: fuwele inayosomwa kwa joto

*Inavyokumbuka mionzi.* Elektroni zilizoamshwa na mionzi hunaswa kwenye mitego ndani ya fuwele, aghalabu floridi ya lithiamu. Maabara ikiipasha moto, mara nyingi hadi kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi kutegemea aina, elektroni huachiwa na fuwele hung'aa. Kiasi cha mwanga ndicho dozi. Aina yenye magnesi, shaba na fosforasi ina usikivu wa mara 20 na zaidi kuliko ile ya zamani yenye magnesi na titani, ila haipendi kupashwa zaidi ya nyuzi 240.

*Mbele ya nishati kubwa.* Kwa kuwa inakaribia tishu kwa namba ya atomi, inafuata mwili vizuri katika upana mkubwa wa nishati, na mapigo ya linaki hayaisumbui hata kidogo: inajumlisha tu. Tahadhari yangu ni nyutroni. Linaki zinazovuka megavolti 10 hivi huzalisha nyutroni, na lithiamu ya asili ina takriban asilimia 7.5 ya lithiamu-6, inayozinasa kwa urahisi. Usomaji wa "fotoni" unaweza kupanda kwa sababu isiyo ya fotoni. Mahali kama hapo dai fuwele ya lithiamu-7, au jozi ya aina mbili ili tofauti yake ikupe dalili ya nyutroni.

*Jibu na ushahidi.* Inasomwa mara moja. Ukishaipasha, dozi imefutika, na kama mashine ilikwama katikati ya usomaji hakuna pa kurudi, isipokuwa kwenye vipande vingine vya beji hiyo hiyo.

*Inamfaa nani.* Taasisi yenye wafanyakazi wengi wenye dozi ndogo na ya kawaida, yenye maabara inayojua kutunza majiko na mizunguko ya joto. Vipande vyake ni vidogo, hivyo ndivyo vinavyotawala kwenye pete za vidole na kwenye vipimo vya karibu na jicho.

OSL: fuwele inayosomwa kwa mwanga

*Inavyokumbuka mionzi.* Mitego ni ile ile kwa dhana, lakini funguo ni mwanga badala ya joto. Oksidi ya alumini yenye kaboni huangaziwa kwa mwanga wa kijani, nayo hujibu kwa mwanga wa bluu. Ipo pia oksidi ya beriliamu, inayokaribiana na tishu zaidi.

*Mbele ya nishati kubwa.* Kwenye MeV inafanya vizuri na mapigo hayaidhuru. Oksidi ya alumini huzidisha mionzi dhaifu kwa mara 3 hivi, kwa hiyo beji huwa na vichujio kadhaa na hesabu ya kuunganisha usomaji wa chini ya kila kimoja. Hesabu hiyo imejengwa kwa nishati za kawaida. Kwenye mchanganyiko wa fotoni za MeV na elektroni za ukutani inaweza kukisia vibaya, hivyo ni haki yako kuuliza. Nyutroni karibu haizioni, jambo ambalo ni faida ukitaka fotoni tu, na hasara kama ulidhani umejikinga kwa vyote.

*Jibu na ushahidi.* Kila usomaji huondoa sehemu ndogo tu ya kilichohifadhiwa. Mfanyakazi akikataa namba aliyopewa, beji inasomwa tena mbele yake. Kwa mtu anayelaumiwa kwa dozi asiyoielewa, hiyo ni haki yenye maana.

*Inamfaa nani.* Hospitali na viwanda vinavyotaka beji za kusomwa haraka na kwa wingi. Adui yake ni mwanga: kijikasha kikipasuka, kumbukumbu inavuja.

Beji ya kioo

*Inavyokumbuka mionzi.* Kioo cha fosfeti chenye fedha kidogo hupata vituo vipya vinavyong'aa rangi ya machungwa kikimulikwa kwa urujuanimno. *Mbele ya nishati kubwa* hakitofautiani sana na oksidi ya alumini: kinahitaji vichujio kwa nishati ndogo na kinatulia juu. *Jibu na ushahidi:* kusoma hakufuti chochote, kwa hiyo unaweza kurudia kadiri unavyotaka, na kumbukumbu haififii kwa miezi mingi. *Inamfaa* anayetaka vipindi virefu vya kuvaa na ushahidi thabiti. Japani na Ufaransa zimekitumia sana. Kwingineko, kikwazo huwa ni kupata maabara yenye msomaji wake.

Dosimita ya hifadhi ya chaji

*Inavyokumbuka mionzi.* Ni chemba ndogo ya hewa iliyounganishwa na transista ya kumbukumbu iliyotiwa chaji. Mionzi ikiionisha hewa, chaji inapungua, na kiasi kilichopungua husomwa kwa umeme bila kukifuta.

*Mbele ya nishati kubwa.* Haihesabu fotoni moja moja, inakusanya chaji, ndiyo maana mapigo mafupi hayaifanyi ipotee. Ukuta wa chemba ndio unaoamua itakavyofuata nishati. Soma cheti cha modeli husika.

*Jibu na ushahidi.* Mfanyakazi anaweza kuisoma mwenyewe kila siku kwenye kisomaji kilichowekwa kazini, bila kuituma popote. Aina nyingi hazina kengele.

*Inamfaa nani.* Wafanyakazi waliotawanyika mbali na maabara, ambao beji kupotea njiani au kuchelewa ndilo tatizo lao kuu.

Dosimita ya elektroniki

*Inavyokumbuka mionzi.* Ndani mna diodi za silikoni au bomba la Geiger. Kila fotoni inayogunduliwa huwa mdundo wa umeme. Midundo inahesabiwa na kugeuzwa kuwa mikrosivati kwenye skrini. Inaonyesha dozi iliyokusanyika na kasi ya dozi, na inapiga kelele kikomo ulichoweka kikivukwa.

*Mbele ya nishati kubwa.* Kwenye mionzi ya mfululizo, modeli nzuri hufika hadi MeV 6 au 7 bila shida. Kwenye mapigo, kaa chonjo. Linaki hutoa, kwa mfano, mapigo 200 kwa sekunde, kila moja likidumu mikrosekunde 4. Maana yake, katika sekunde nzima mionzi ipo kwa mikrosekunde 800 tu, na wakati wa pigo kasi ya dozi ni zaidi ya mara 1,000 ya wastani. Bomba la Geiger likishagundua fotoni moja huhitaji kama mikrosekunde 100 kupumua. Pigo zima limekwisha kupita. Kwa hiyo litahesabu si zaidi ya mdundo mmoja kwa kila pigo, 200 kwa sekunde, iwe zimepita fotoni 2 au 20,000. Skrini inaonyesha namba tulivu wakati hatari iko juu. Nyuma ya kinga nzito, ambako kwa kila pigo inafika chini ya fotoni moja, kosa hilo hutoweka. Ndani ya njia ya miale ndipo linapoua maana ya chombo. Usikubali neno "inafaa mapigo" bila kuona kipimo cha juu cha kasi ya dozi ndani ya pigo.

*Jibu na ushahidi.* Papo hapo. Hakuna mpinzani wake hapa. Lakini betri huisha, mtu huizima, na nchi nyingi bado zinataka dozi ya kumbukumbu itoke kwenye beji isiyo na betri.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye kosa la dakika chache laweza kumaliza kikomo chake cha mwaka. Chanzo cha iridiamu-192 cha kupigia picha za viwandani, chenye terabekereli 1 (kipimo cha ukali wa chanzo), hutoa zaidi ya 100 mSv kwa saa kwa umbali wa mita moja. Kikikwama nje ya kasha lake, fundi aliyesimama hapo anafikia 20 mSv kabla robo saa haijaisha. TLD itasema ukweli wote kuhusu robo saa hiyo, wiki kadhaa baadaye. Kengele ingemwondoa ndani ya sekunde chache.

Yasiyobadilika kwa beji yoyote

Beji hurekebishwa ikiwa mbele ya mfano wa kiwiliwili, tangi la maji la sentimita 30 kwa 30 kwa 15, kwa sababu mwili hurudisha mionzi. Ikining'inia kwenye kamba na kugeuka mgongo, hesabu hiyo haipo tena. Beji iliyosahauliwa kwenye koti lililotundikwa chumba cha mashine hupima dozi ya koti, na nimeona jinsi namba ya namna hiyo inavyomnyima mtu usingizi hadi chanzo chake kipatikane.

Usisahau beji ya ulinganisho, ile inayokaa mahali salama. Wastani wa mionzi ya asili ya nje duniani ni karibu 0.9 mSv kwa mwaka, yaani kama 0.07 mSv kila mwezi, ambayo kila beji inaikusanya hata ikiwa kabatini. Bila kuitoa, mwenye dozi sifuri ataandikiwa dozi.

Na aproni ya risasi: dhidi ya miale iliyotawanyika ya eksirei za kawaida ni kinga ya kweli, na aliyeivaa ndani ya chumba cha eksirei hufaidika na beji mbili, moja chini yake na moja shingoni juu yake. Dhidi ya kobalti-60, unene wa nusu milimita huzuia kama asilimia 3 tu. Asijidanganye nayo mtu.

Kulingana na hali yako

Uko tiba ya mionzi, unakaa nje ya chumba na mlango una swichi ya usalama: TLD au OSL ya kila mwezi au kila miezi miwili inakutosha. Kama mashine inavuka megavolti 10, ongeza swali la nyutroni kabla ya kutia saini. Ukiongeza ya elektroniki, iwe kwa ajili ya mafundi wa matengenezo wanaoingia chumbani baada ya mashine kuzimwa, ambako mionzi iliyobaki kwenye vipuri inatoka mfululizo na chombo kinaihesabu vizuri.

Unapiga picha za viwandani kwa mionzi ya iridiamu au kobalti: vaa mbili, ya elektroniki yenye kengele unayoisikia katikati ya kelele za kazi, pamoja na beji ya kumbukumbu. Ukilazimika kuanza na moja ya kununua sasa wakati beji ya maabara tayari unayo, nunua kengele.

Unafanya kazi kwenye kinu: hakikisha kwa maandishi kwamba beji na chombo cha elektroniki vimejaribiwa kwa fotoni za MeV 6 hadi 7. Sesiamu peke yake haikuhusu vya kutosha.

Wafanyakazi wako wametawanyika na posta ni ya kusuasua: hifadhi ya chaji inapunguza safari, na kioo au OSL hustahimili ucheleweshaji bila kupoteza kumbukumbu nyingi.

Mna kesi za mara kwa mara za dozi zinazobishaniwa: chagua kinachosomwa tena, yaani OSL, kioo au hifadhi ya chaji, kisha andikeni kwenye utaratibu kwamba mfanyakazi ana haki ya kuomba usomaji wa pili.

Mfanyakazi ametangaza ujauzito: lengo ni kutovuka 1 mSv kwa mtoto aliye tumboni kwa muda wote uliobaki. Kusubiri miezi miwili kujua kilichotokea ni kuchelewa. Mpe beji ya kumbukumbu usawa wa tumbo ikisomwa kila mwezi, na ya elektroniki aitazame mwenyewe kila jioni. Kama zamu yake iko kwenye mapigo, mpe ya hifadhi ya chaji badala yake.